Kichupa cha Sifuri

Barua ilikuwa juu ya meza tangu asubuhi na hakuna aliyetaka kuiondoa. Ilikuwa na muhuri wa mamlaka ya maji, na sentensi moja iliyobeba mambo yote: mtumishi aliyesimamishwa afike mbele ya kamati Alhamisi, saa nne, aeleze yalikokwenda mapipa kumi na manne ya klorini. Mama Pacha alikuwa ameisoma mara tatu. Mama mkwe wake, ambaye miwani yake ilikuwa imekatika mkono mmoja, alikuwa amesomewa mara mbili, na bado aliikodolea macho kana kwamba ikiangaliwa sana itaona aibu ijifute yenyewe.

“Kumi na manne,” bibi alisema. “Mwanangu mgongo wenyewe unamsumbua. Angeyabeba vipi?”

“Hawasemi kayabeba mgongoni, Mama. Wanasema kayauza.”

“Kamuuzia nani? Na hela iko wapi? Mimi hapa nakunywa chai ya rangi mwezi wa tatu huu.”

Mtuhumiwa alikuwa amekaa kizingitini, amevaa buti za kazi ingawa hakuwa na kazi ya kwenda. Kule mitamboni walimwita Dokta, maana yeye ndiye aliyetia dawa kwenye maji ya mji mzima. Kwa miaka kumi na tisa walinzi walimsalimia getini, “Dokta, mgonjwa anaendeleaje?” naye akawajibu, “Katapika kidogo, lakini atapona.” Mgonjwa huyo alikuwa tangi kuu. Wiki iliyopita, mmoja wa walinzi haohao alimwambia amwage begi lake mezani mbele ya wasichana wa ofisi ya bili. Zikatoka soksi, kipande cha sabuni na nusu mkate. Mtu mmoja nyuma akasema, kumbe Dokta anauza dawa za wagonjwa, na wasichana wakacheka kwa adabu, mikono midomoni.

“Kila kiangazi mto huu unakula dawa,” Dokta alisema bila kugeuka. “Nimewaambia, nitawaambia tena. Maji yakipungua, uchafu wa machinjio kule juu unakuwa mzito, amonia inapanda. Na amonia ndiyo inayokula klorini. Unatia kipimo chako, ukienda kupima bombani huoni kitu. Unaongeza, huoni kitu. Sasa nifanyeje? Niwaache watu waharishe eti nabana matumizi?”

“Mwaka jana ilipanda,” Mama Pacha alisema polepole. “Mwaka huu haijapanda.”

Hapo ndipo palipouma. Mpimaji wa maji hayo alikuwa yeye. Kila Jumanne alipima maji ya mto kabla hayajasafishwa, na kila Jumanne ya miezi minne iliyopita alikuta amonia nukta mbili, mara moja moja nukta tatu. Kiasi hicho hakiwezi kula hata robo ya dawa iliyopotea. Karatasi zake kumi na sita, zote na saini yake, zilikuwa zimebanwa nyuma ya ile barua kama ushahidi. Mke hakumshtaki mumewe, lakini namba zake zilimshtaki, na kwa Mama Pacha namba zilikuwa kitu cha kuaminika kuliko watu. Watu walikuwa wamemdanganya mara nyingi.

Dokta akageuka. “Na wewe, mama watoto? Wewe unasemaje?”

“Mimi nasema ule kwanza,” alimjibu, akainuka kwenda jikoni.

Jumanne aliingia maabara mapema, kichwa kikiwa kizito. Kazi yenyewe haina miujiza. Unachukua vichupa viwili vya kioo. Kimoja unatia maji ya mto yaliyochujwa. Cha pili unatia maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke yakarudishwa kuwa maji, yasiyo na kitu chochote ndani. Vyote viwili unavidondoshea dawa ya kupimia. Penye amonia maji hugeuka njano, na kadiri inavyozidi ndivyo njano inavyokolea. Kile kisicho na kitu ndicho Mama Pacha alichokiita kichupa cha sifuri. Unakitia kwenye mashine kwanza, unabonyeza kitufe, mashine inajua hapo ndipo pa kuanzia kuhesabu. Kisha unatia cha mto, inakupa jibu.

Siku hiyo dumu la maji yaliyokenekwa lilikuwa limebaki na mkia tu. Mtambo wa kukenekea ulikuwa umeungua tangu mwezi uliopita, na ombi la vipuri lilikuwa bado linatembea kutoka ofisi hii kwenda ile. Kwa hiyo alikuwa amepitia duka la dawa, akanunua chupa moja iliyofungwa kwa hela yake, akaitunza risiti ingawa alijua hakuna atakayemrudishia. Alifungua chupa mpya, akatengeneza kichupa cha sifuri, akabonyeza. Akatia cha mto.

Moja nukta tatu.

Akasonya. Aliosha vyombo, akaanza upya, akihesabu matone kwa sauti kama mwanafunzi. Moja nukta tatu. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba duka la dawa limemuuzia takataka. Basi akakamua ule mkia wa dumu, ukatosha kichupa kimoja, akautia dawa, akabonyeza sifuri, akarudisha maji yaleyale ya mto. Nukta mbili. Hapo akafurahi. Alikuwa ameshanyoosha mkono kuandika nukta mbili kwenye karatasi, wakati jicho lake lilipoangukia vile vichupa viwili vya sifuri, cha dumu na cha duka, vimesimama kando kwa kando mbele ya ukurasa mweupe.

Cha duka kilikuwa cheupe. Cha dumu kilikuwa njano. Si njano ya kubahatisha, ilikuwa ya chai nyepesi, inayoonekana hata kwa mtu aliyesahau miwani.

Alikaa chini. Mwalimu aliyemfundisha kazi hii alikuwa na msemo wake, macho kwanza, mashine baadaye. Kabla ya kuionyesha mashine kitu chochote, kiinue kwenye mwanga ukitazame. Alifanya hivyo miaka mingi. Ilipokuja mashine mpya yenye kioo na namba za kijani, akaacha, kwa sababu ya nini ukodoe macho wakati namba inakuja na nukta zake? Lakini mashine haina akili ya kukataa. Ukiipa njano ukaiita sifuri, itakubali, na njano hiyo itaipunguza kwenye kila jibu, wiki baada ya wiki.

Dada wa usafi aliingia na ndoo yake, akapiga hodi akiwa tayari yuko ndani.

“Dada,” Mama Pacha alimuuliza, “lile galoni lako la dawa ya sakafu linakaa wapi?”

“Si hapo stoo kwako, chini ya rafu. Kabati langu walilijaza mafaili, si nilikuomba? Huu mwezi wa nne. Linakukera?”

Alikwenda kuliangalia. Galoni lilikuwa chini ya rafu, kizibo kimelegea. Juu yake, mahali palepale, ndipo dumu lilipokaa siku zote, mdomo wake umefunikwa kwa karatasi ya bati tangu mfuniko ulipopotea. Mvuke wake ulichoma macho, na karatasi ile isingeuzuia usiingie majini. Na kwenye lebo, kwa herufi ndogo, neno la pili lilikuwa amonia.

“Mwenyewe ulisema inanukia usafi,” dada wa usafi alisema, akianza kuogopa bila kujua kosa lake.

“Nilisema, ndiyo. Huna kosa, dada.”

Alipobaki peke yake aliogopa kwanza juu ya kazi yake, na kwa sababu alijua kwamba hilo ndilo lililomjia kwanza, akaona haya. Baadaye ndipo akamfikiria mume wake kizingitini na buti zake. Na baadaye zaidi akaufikiria mji. Kijana aliyeshika nafasi ya Dokta alikuwa ameamriwa atie dawa kwa kufuata karatasi zake, yaani kidogo. Maana yake, kwa wiki nzima sasa maji yalikuwa yanatoka bombani bila ulinzi wowote.

“Funga mlango,” meneja alisema Jumatano asubuhi, kabla Mama Pacha hajamaliza sentensi ya pili.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasugua macho kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

“Karatasi kumi na sita, Mama Pacha. Zote zimekwenda juu. Chini ya saini yako kuna yangu. Unajua hilo?”

“Najua, bosi.”

“Kwa hiyo unataka kesho tuwaambie kwamba miezi minne tumekuwa tunapima sabuni.”

“Nataka tuwaambie leo. Maji yanakwenda hivi sasa tunavyoongea.”

“Maji nitayashughulikia. Nampigia kijana aongeze dawa kidogo kidogo. Wiki ijayo wewe unaandika nukta sita, inayofuata unaandika tisa. Amonia imeanza kupanda. Imeanza tu, kama kila mwaka.” Aliinama mbele, sauti ikawa ya mtu anayempa mgonjwa habari njema. “Na Dokta namsaidia. Aandike barua ya kuacha kazi kwa hiari, nitazungumza na mwenyekiti, polisi hawataingia. Wewe unabaki na kazi yako. Watoto wanasoma. Nani kaumia hapo?”

“Dokta.”

“Dokta atapumzika.”

“Atapumzika akiwa mwizi.”

“Watu husahau,” meneja alisema, akavaa miwani.

Jioni hiyo alimweleza mume wake uani, wakati bibi akianua nguo. Alieleza kama anavyoandika ripoti, hatua moja moja, dumu, galoni, karatasi ya bati, mashine, na mwisho maneno ya meneja. Alitegemea hasira. Dokta alicheka. Alicheka mpaka akashika mgongo, na bibi akageuka kuona ni kitu gani cha kuchekesha kilichobaki katika nyumba hii.

“Moja nukta tatu,” alisema. “Nilijua. Mungu wangu, nilikuwa naanza kudhani nina wazimu. Nilikuwa natia dawa huku najiuliza kama mkono wangu umesahau kazi.”

“Kesho nitawaambia.”

Kicheko kikakoma. “Hutawaambia kitu.”

“Baba Pacha.”

“Sikiliza. Mimi ni wa mkataba, na mkataba wenyewe unaisha mwisho wa mwaka. Wewe una ajira, una pensheni. Pacha wamebakiza mwaka na nusu shuleni. Wakitufukuza wote wawili tutawalisha nini, karatasi? Meneja kasema atapandisha dawa, basi mji utapona. Mimi maji nimeshayavulia nguo, acha niyaoge.”

“Utakuwa mwizi mpaka unaingia kaburini.”

“Kwa watu.” Akamshika mkono, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya mbele ya mama yake. “Kwa watu, sawa. Wewe na Mama mnanijua. Namba zilikuwa zinanikataa, ofisi ikanikataa, lakini nikirudi nakukuta umeniwekea maji ya kuoga, umenipakulia, hukuniuliza neno hata moja. Hilo ndilo lililonisimamisha. Ningeona kwenye macho yako kwamba na wewe unanidhania, ningekwisha siku hiyohiyo.”

Mama Pacha alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yote, yamejipanga. Kisha bibi akauliza kama hizi shuka zimekauka ama ni macho yake, na yeye akaenda kumsaidia kuzikunja.

Kamati ilikuwa watu watatu: mwenyekiti, mhasibu, na mwanamke kutoka ofisi ya juu aliyekuwa akiandika kila kitu. Meneja alikaa pembeni, akijishughulisha na faili. Dokta alikaa kiti cha peke yake, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa. Mlango ulipofunguliwa na mke wake akaingia na kibao cha vichupa mkononi, alitikisa kichwa mara moja, kidogo, kumkataza.

Mama Pacha hakumtazama. Aliomba ruhusa ya kusema, akapewa, akasema yote. Alitaja galoni, akataja rafu, akataja siku aliyoacha kutazama kwa macho. Alisema kosa ni lake. Alisema maji ya mji hayako salama tangu wiki iliyopita. Meneja akafunua ukurasa ambao alikuwa ameshaufunua.

Mwenyekiti alisikiliza kwa upole mkubwa, na upole ule ulimtisha kuliko ukali.

“Mama, umeolewa na huyu bwana miaka mingapi?”

“Ishirini na mmoja.”

“Mungu awazidishie. Na haya umeyagundua lini?”

“Juzi, mzee.”

“Juzi.” Mwenyekiti akamgeukia mhasibu, kisha akarudi. “Miezi minne hukuyaona. Zimebaki siku mbili tukae kikao, yakaonekana. Sikulaumu, mama. Mke kumtetea mumewe ni jambo jema. Hata wangu angenitetea, natumaini.” Mhasibu akacheka puani. “Lakini vichupa hivi umevitia rangi mwenyewe na umetuletea mwenyewe. Mimi ningejuaje? Nipe sababu moja tu ya kukuamini wewe juu ya mtu huyu.”

Mama Pacha aliona sababu moja tu, na aliiona vizuri. Aliona pia mahali mume wake alipokaa, hatua tatu kutoka kwake, na kwamba hakuna namna ya kuisema ambayo yeye hataisikia.

“Kwa sababu mimi sikumwamini,” alisema.

Kalamu ya yule mwanamke ikasimama.

“Dawa ilipoanza kupungua stoo, mtu wa kwanza kumwona mwizi nilikuwa mimi. Kabla yenu. Nilimpekua mifuko kabla ya kufua. Nilisoma simu yake akiwa anaoga, ujumbe mmoja mmoja. Nilikwenda kwa yule bwana anayeuza dawa za mabwawa ya kuogelea, nikamuuliza kama mume wangu humpelekea mzigo. Alikataa, nikarudi siku ya pili nikamwambia aniambie tu, sitamfanya kitu. Miezi minne nimelala na mtu nikijua ni mwizi, na nikimsubiri aniambie mwenyewe nimsamehe.” Alishusha kibao cha vichupa juu ya meza. “Namba zangu zilisema vile, na mimi nikachagua namba. Kama ningekuwa mtu wa kumtungia uongo, mzee, ningemtungia tangu wiki ya kwanza. Ningeandika moja nukta tatu kwenye karatasi, basi, nani angejua? Hata hii barua isingeandikwa. Sikumtungia kwa sababu sikuona kwamba anastahili.”

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alitazama meza. Kisha akainuka, mtu mzito, akasema twende huko maabara nikaone kwa macho yangu, na vichupa nitie mimi mwenyewe. Walikwenda wote. Alidondosha dawa kwa mkono wake usiozoea, akimwaga nyingine mezani, akatia maji ya mto, akatia ya duka, na mwisho akatia matone yaliyobaki kwenye kuta za dumu. Kichupa hicho cha mwisho kikageuka njano mbele ya pua yake.

“Hiki ndicho kisicho na kitu?” aliuliza.

“Ndicho tulichokuwa tukikiita hivyo.”

Wote walikuwa wamezunguka meza, isipokuwa Dokta. Yeye alibaki mlangoni, ameegemea fremu, akitazama sakafu.

Mambo yaliyobaki hayakuchukua hata saa moja. Tuhuma zikafutwa. Dokta akaambiwa arudi kazini siku hiyohiyo, dakika hiyohiyo, maana mwanamke wa ofisi ya juu alikuwa ameshaanza kupiga simu juu ya maji na uso wake umebadilika. Mama Pacha akasimamishwa kazi mpaka uchunguzi utakapokamilika. Funguo za maabara alizikabidhi kwa meneja, ambaye alizipokea bila kumtazama. Koti jeupe lilikuwa mali ya ofisi. Alilikunja akaliacha kwenye kiti.

Mume wake alimkuta kwenye korido, anafunga vifungo vya ovaroli.

“Yule bwana wa dawa za mabwawa,” Dokta alisema. “Nilikutana naye sokoni mwezi uliopita. Nikamsalimia, akaitikia huku anaangalia pembeni. Nikarudi nyumbani najiuliza nimemkosea nini.”

“Nisamehe, Baba Pacha.”

Alifunga kifungo cha mwisho, akakifungua kwa kuwa alikuwa amekosea tundu, akakifunga tena.

“Umeniokoa,” alisema. “Sikatai. Na ulivyosema, nimeona kwamba hapakuwa na njia nyingine ya kusema. Nimeona.” Kutoka upande wa mitambo mtu aliita Dokta, Dokta, na yeye akainua mkono kuonyesha amesikia. “Wao wangeniita mwizi mpaka kufa, mimi ningelala usingizi. Jana nilikwambia hivyo. Ukaenda kukunja shuka.”

Mama Pacha alilia bila kujificha, katikati ya korido, wasichana wa ofisi ya bili wakipita na kupunguza mwendo. Dokta alimsubiri mpaka akatulia kidogo. Alikuwa mtu mwenye subira, alikuwa hivyo siku zote. Lakini hakumshika mkono.

“Nenda nyumbani,” alimwambia. “Mwambie Mama asinywe maji ya bombani bila kuyachemsha, mpaka niseme mimi.”